Grafu Ilisema Kishanda

Wadogo zangu, nimestaafu. Najua mstaafu anatakiwa awe na mvi na kigoda cha kukalia nje jioni, na mimi nina miaka kumi na saba na chunusi. Lakini kazi niliianza mara tu nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne, nimeiacha juzi baada ya kupangiwa shule ya kidato cha tano mkoa mwingine, na hapo katikati nimezeeka kiasi cha kutosha. Nawaandikia nyie mtakaomaliza shule mwaka huu na mwakani. Nanyi mtapelekwa kwa shangazi fulani "ukasaidie kidogo wakati unasubiri matokeo", na shangazi huyo, kama wangu, huenda akawa ametoka semina.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Mgeni akiingia nyumbani mimi huwa nakumbuka kitu jikoni. Kwetu Bukoba salamu si jambo la kupita nalo haraka. Mtoto wa kike anapiga magoti, anaulizwa habari za mama, za baba, za shule, kisha anaulizwa kwa nini anaongea chinichini hivyo. Ndiyo maana nilipenda hesabu. Namba huzipigii magoti, na hazikuulizi mbona umenyamaza.

Kazi yenyewe ilikuwa mtu wa takwimu katika kiwanda cha mikate. Nikisema kiwanda msifikirie makubwa. Ni tanuri moja la kuni nyuma ya nyumba ya shangazi, mtaa wa Nshambya, na banda la mabati la kukandia unga. Shangazi anaitwa Zubeda, watu wanamwita Ma Zubeda, na ndiye mwenye mali, meneja na mgombezaji mkuu. Abdu anaoka. Sudi anaendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kupeleka mikate Muleba mjini, na kutoka hapo bodaboda na magari ya abiria yanaimalizia safari kwenda kwenye maduka ya vijijini. Hao ndio wafanyakazi wote. Siku ya kwanza Abdu aliniuliza nimekuja kukanda au kuchoma. Nikamwambia nimekuja kuandika. Akanitazama mikono, akasema, "Sawa, unga nao unahitaji mtu wa kuutazama."

Shangazi alikuwa ametoka semina ya siku moja ya wafanyabiashara, katika ukumbi mmoja mjini. Alirudi na begi la kitambaa, kalamu ya bure na sentensi moja: data haidanganyi. Alikuwa anaisema hata kwenye chakula. Tusimcheke, maana alikuwa na swali zito. Kwa miaka mingi alikuwa anaweka akiba ili ajenge tanuri la pili huko Muleba, kwa sababu mkate unaotoka Bukoba unafika vijijini ukiwa umechoka kuliko dereva. Akiba ilitosha tanuri moja tu. Alikuwa na wateja Kishanda na wateja Kimwani, na hizo ni pande mbili za Muleba zilizo mbali mbali. Tanuri si meza, ukikosea mahali huwezi kulibeba ukalihamishe. Likijengwa pasipo walaji, akiba yote inabaki pale kama kichuguu cha matofali, na watu wanapita wanauliza ni la nani.

"Zamani ningeota ndoto nikaamua," shangazi aliniambia. "Sasa tunaamua kwa data. Wewe ulipata ngapi kwenye hesabu za majaribio?"

Nikamwambia. Akanipa kompyuta.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ujuzi ulipo. Kitu cha kwanza ambacho mtu aliyetoka semina anakipenda ni wastani. Tulikuwa tunaoka mikate mikubwa na midogo. Shangazi aliniagiza nitafute mteja wetu wa wastani anataka mkate wa ukubwa gani. Nikapiga hesabu, jibu likaja katikati, kama ilivyo tabia ya wastani. Shangazi akafurahi sana. Akaagiza makopo mapya kwa fundi bati, tukaacha mkubwa na mdogo, tukaoka wa katikati.

Hakuna aliyeununua. Wenye familia kubwa walisema umekuwa mdogo, na wanaokula peke yao walisema umekuwa mkubwa, utaota ukungu. Mteja wa wastani tuliyemwokea hakuwahi kufika dukani, nadhani kwa sababu hakuwahi kuzaliwa. Kwenye yale makopo Abdu alipanda vitunguu. Kwa hiyo mtu akikupa wastani, mwombe pia akuonyeshe wale waliokaa pembeni, maana mara nyingi pembeni ndiko watu wote waliko na katikati pana upepo tu.

Kitu cha pili ni kuuliza wateja. Shangazi alinichukua tukazunguka maduka mawili matatu ya mjini, yeye akiuliza, mimi nikiandika. Yeye mwenyewe, Ma Zubeda, mwenye mkate, amesimama mbele ya mtu na kilemba chake kizuri, anauliza, "Mkate wetu mnauonaje?"

"Mzuri, waitu."

"Una kasoro yoyote?"

"Hauna, waitu. Wakola, asante kwa kutupikia."

Nikaandika mzuri, mzuri, mzuri, pamoja na waitu zao za heshima, ukurasa mzima. Nyie mnawajua watu wetu. Mgeni akikuuliza jambo mlangoni kwako unampa jibu na ndizi juu yake, humpi kasoro. Baadaye nilijifunza kuuliza vinginevyo, nilipopelekwa peke yangu na kukosa ujasiri wa kutaja mkate. Nilimuuliza mama mmoja, kwa aibu tu, ili nisikae kimya, "Asubuhi mmekunywa chai na nini?" Akasema, "Na viazi. Mkate wa jana ulikuwa na chumvi mno." Jibu la kweli la kwanza katika kazi yangu lilitoka kwa swali ambalo halikuhusu mkate. Waulizeni watu walichofanya. Wanachofikiri watakiweka akiba kwa ajili ya adabu.

Sasa kuhusu redio.

Abdu alikuwa na redio ndogo kwenye banda, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ilikuwa inaongea tangu unga unapokandwa mpaka mkate unapotoka, na kama mnavyojua redio za kwetu, katikati ya muziki huja matangazo ya vifo: fulani wa kijiji fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani popote walipo. Abdu alikuwa anasikiliza zote, hata za watu asiowajua, na kuwasikitikia wote kwa usawa.

Shangazi akasema redio inamchanganya asisome namba. Akaizima.

"Ma Zubeda," Abdu akasema, "sasa mtu akifa tutajuaje?"

"Hata wewe ukifa nitajua. Utapungua kwenye grafu."

Tulicheka wote, na redio ikakaa kimya.

Haukupita muda mrefu Kishanda ikaanza kupanda. Muuza duka wetu wa kule, Ta Rwegasira, ni mtu mzima wa maneno machache, na kwa kawaida alikuwa anaagiza mikate kwa uangalifu kama anaagiza dawa. Akapiga simu, ongeza. Kesho yake, ongeza tena. Kesho yake akasema tumpelekee yote tuliyonayo. Mimi nilikuwa nachora vijiti kwenye karatasi kubwa ukutani, kijiti kimoja kwa siku, na kijiti cha Kishanda kikawa kirefu mpaka nikalazimika kubandika karatasi nyingine juu yake. Cha Kimwani kilikuwa kilekile siku zote, ukubwa uleule, kama uzio wa mianzi.

Shangazi alimpigia Ta Rwegasira mwenyewe, na simu akaiweka sauti kubwa ili nisikie sauti ya mafanikio.

"Ta, habari za biashara?"

"Tunashukuru, waitu."

"Mkate unaenda?"

"Unaenda. Watu wamekuwa wengi."

"Na wataendelea kuwa wengi?"

"Wengine bado wako njiani, waitu."

Shangazi akakata simu, akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa mwezi wa Idi. "Umesikia? Soko linakua. Wengine wako njiani." Siku hiyohiyo aliamua. Tanuri Kishanda. Na kwa kuwa kwenye semina walifundishwa kwamba mteja bora apongezwe hadharani, alienda kuchapisha bango na fulana za njano. Maneno aliyatunga yeye: HONGERA KISHANDA, MABINGWA WA MKATE.

Tulipanda kirikuu asubuhi, Sudi, shangazi na mimi, wote watatu njano. Bango limefungwa ubavuni, nyuma mikate ya zawadi, na Sudi ameweka spika juu na muziki wa kuchezeka. Shangazi alikuwa amekwisha panga. Tungewapongeza, tungegawa mikate, kisha Ta Rwegasira angetuonyesha kiwanja cha tanuri, na kishika uchumba cha kiwanja kilikuwa kwenye mkoba.

Tulipoanza kupanda kuelekea kijijini tukakuta watu wengi njiani. Akina mama wamejifunga khanga kiunoni, wengine wamebeba ndizi kichwani.

"Unaona?" shangazi akasema. "Unaona watu? Na wote wanaenda upande wa duka."

Sudi akaongeza sauti ya muziki.

Watu walitupisha. Walitutazama, wakalitazama bango, wakatazamana. Nilidhani wanalisoma kwa furaha. Kwenye kona ya mwisho Sudi akaona turubai katikati ya migomba, akaona benchi za kanisa zimepangwa chini yake na wazee wamekaa kimya, akauzima muziki kabla hajazima gari.

"Ma Zubeda," akasema polepole, "hilo turubai silo la harusi."

Ta Rwegasira akatujia. Alitusalimia wote, mmoja mmoja, hakuruka hata salamu moja. Kisha akasimama mbele ya bango, mikono nyuma, akalisoma lote mpaka mwisho.

"Mabingwa," akasema. "Ehee."

Shangazi akaukumbatia mkoba.

"Mlisikia redioni?" Ta Rwegasira akauliza.

Nilimtazama Sudi, Sudi akatazama usukani. Ta Rwegasira alidhani tumejua tangu mwanzo. Kagera nzima ilikuwa imetangaziwa. Amefariki katekista wa zamani wa kijiji, mzee aliyefundisha nusu ya watu wa pale sala, na watoto wake wako Mwanza, Dar na Uganda, nao wamekuja na familia zao. "Wajukuu wa mjini," akatueleza bila kulaumu, "ukiwapa ebitoke, ndizi zetu za kupika, asubuhi wanalia. Wanataka chai na mkate. Ndiyo maana nikawasumbua sana."

Hapo ndipo kijiti changu kirefu kilipotokea. Wajukuu.

Shangazi yangu anabishana na kila mtu, mpaka na mizani. Siku ile alishuka kwenye gari kimya, akavua kilemba akakifungua kikawa mtandio, akajifunika fulana nzima. Mimi niliazimwa kitenge na mama mmoja ambaye hakuuliza kitu. Sudi alivaa koti lake la mvua, jua likiwaka, akalifunga mpaka kidevuni. Bango tulilikunja maandishi yakiwa ndani. Tukaenda kumpa pole mjane, na mimi nikapiga magoti. Kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru kuna desturi ya kupiga magoti, kwa sababu uso ulikuwa chini.

Mjane alishika mikono ya shangazi. "Nyie ndio wenye mkate?"

"Ndio sisi, mama."

"Mkate wenu tumelala nao hapa siku zote hizi."

Kisha msemaji wa familia akasimama, mtu mwenye sauti ya kanisani, akasema wamefika wageni kutoka Bukoba, wenye kiwanda, ndugu zetu Waislamu, wameacha kazi zao na wamekuja na mkate wao bila kuombwa. Watu wote wakageuka kututazama, wakasema wakola, wakola. Ile mikate ya mabingwa ikakatwa pale pale, ikanywewa chai. Shangazi alishika sufuria akawa anahudumia, na jasho la Sudi ndani ya koti lilikuwa linaonekana kwa wote kama majonzi.

Kiwanja hatukuuliza. Lakini msifikiri shangazi alikuwa ameachana na Kishanda. Wiki zilizofuata Kishanda iliendelea kununua kwa wingi hata baada ya wajukuu kurudi mjini. Mwalimu wa semina alipopita kututembelea aliiona ile grafu ukutani, akaipiga picha. Akasema huo ni mfano mzuri kabisa, angeutumia kufundishia: pongeza wateja hadharani, mauzo yanapanda. Shangazi alikuwa karibu kumweleza, nilimwona mdomo ukifunguka. Kisha akasema, "Ndiyo, mwalimu, tuliwafuata mpaka kwao." Mahali fulani sasa hivi huenda kuna mfanyabiashara anachapisha fulana za njano.

Mwalimu alipoondoka, shangazi akaichukua simu kutafuta tena habari za kile kiwanja. Nami nilikuwa nimesimama pale karibu na magunia ya unga, mahali pangu pa kawaida, nikiitazama grafu ambayo nimeichora kwa mkono wangu mwenyewe. Tanuri lilikuwa linakwenda kujengwa juu ya kaburi la katekista. Nikasema. Sikumtazama, niliyaambia magunia.

"Shangazi, Kishanda wanatushukuru."

"Nini?"

"Wananunua kwa shukrani. Tulifika msibani."

"Shukrani siyo pesa?"

"Ni pesa. Ila shukrani inaisha. Tanuri haliishi."

Akaweka simu chini. "Haya, endelea. Leo umeamua kuongea, ongea."

Nilikuwa nimekwisha anza. Nikamwonyesha Kimwani, ule uzio wa mianzi ambao hakuna aliyekuwa anautazama kwa sababu haukupanda wala kushuka. "Kimwani tunapeleka idadi ileile kila siku," nikasema. "Na haujawahi kurudi hata mkate mmoja. Kwa hiyo hii siyo idadi wanayotaka, shangazi. Hii ni idadi tunayowapa. Wanayotaka hatuijui."

Shangazi aliiendea karatasi akasimama nayo karibu kama anainusa. Abdu alikuwa ameacha kukanda.

"Mtoto huyu," Abdu akasema, "kumbe ana sauti."

"Nyamaza, Abdu. Washa redio yako."

Hiyo ndiyo amri ambayo naiona ni cheti changu cha kazi.

Hatukujenga mara moja. Tulifanya jambo ambalo semina haikulitaja kwa sababu ni la kawaida mno: tulipeleka mikate zaidi Kimwani tuone itarudi mingapi. Haikurudi. Tukaongeza tena, ikaisha kabla ya adhuhuri. Watu wa kule wanaenda shambani mapema na hawana muda wa kuwasha moto, na muuza duka alipoulizwa kwa nini hakuwahi kuomba zaidi alisema alidhani ndiyo yote tunayoweza. Kishanda nayo ikashuka taratibu, wiki kwa wiki, kwa heshima, mpaka ikarudi pale ilipokuwa siku zote. Ta Rwegasira bado ni mteja mzuri. Siku hizi akiagiza sana shangazi humuuliza kwanza habari za nyumbani, na hukaa kwenye salamu mpaka mwisho.

Mtakaonirithi, kwenye kompyuta mtakuta nimeongeza safu moja pembeni ya idadi. Juu yake nimeandika "Kwa nini". Sudi huwapigia wenye maduka, anajaza: mvua, mnada, kipaimara, msiba, barabara mbaya, sijui. Hata "sijui" mwacheni aandike, ni jibu zuri kuliko la kutunga. Shangazi akitaka kuifuta kwa sababu inaharibu sura ya ukurasa, mkatalieni. Mkiogopa kumtazama, semeni na magunia. Atasikia.

Tanuri lilijengwa Kimwani, na liliwashwa wiki mbili kabla sijafunga sanduku la shule. Siku ya kwanza Abdu alienda kulifungua mwenyewe. Sudi alipiga simu mchana kutoa hesabu, akataja idadi, na nikaona nimesikia vibaya. Nikamwambia arudie. Akarudia. Ilikuwa kubwa kuliko kijiti chochote nilichowahi kuchora, kubwa kuliko Kishanda na wajukuu wake wote. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, mkono kifuani, hathubutu kuuliza.

"Sudi," nikasema, "kuna msiba huko?"

"Hakuna."

"Harusi?"

"Hakuna, dada."

"Komunio ya kwanza? Mgeni wa serikali? Mkutano?"

"Dada," Sudi akasema, na nyuma yake nilisikia watu wakimsukuma wapate nafasi, "hakuna kitu. Watu wana njaa tu."

Nikaandika kwenye safu ya "Kwa nini": njaa. Kisha nikamgeukia shangazi, nikamwambia anaweza kukaa.